Uso Ukutani

Kuna uchovu unaoisha ukilala, na kuna ule unaoamka nao. Jumapili ile mimi nilikuwa na huo wa pili.

Basil, mwenzangu wa pekee katika kazi ya kulaza watu usingizi, alikuwa Mbeya kwenye mafunzo. Siku anaondoka alinipiga bega akasema, "Dada Coleta, wewe utamudu tu." Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Tangu apande basi, kila aliyepasuliwa hospitalini kwetu alilala na kuamka mikononi mwangu: wajawazito wa Katandala, vijana wa bodaboda waliovunjika mapaja, wavuvi wa Kasanga na ngiri zao. Nilikuwa nimefikia hatua ya kusinzia nikiwa wima, mgongo umeegemea mtungi wa oksijeni. Na hasira zangu, ambazo hata nikilala vizuri si haba, zilikuwa zimehamia kwenye ncha ya ulimi.

Tulikuwa ndiyo kwanza tumemaliza kumtoa mtoto wa watu tumboni mwa mama yake, nami nilikuwa nimeshika kikombe cha chai kwa mikono yote miwili, maana ilikuwa Juni, na baridi ya Sumbawanga mwezi wa sita haina adabu. Sijapiga hata funda la pili, muuguzi wetu Monika akachungulia mlangoni.

"Dada, kuna bibi huko mapokezi ya dharura. Tumbo limekuwa ubao. Daktari Masanja anasema aingie sasa hivi."

"Na chai yangu?"

"Nitakufunikia na sahani."

Alinifunikia kweli. Nilikuja kuinywa jioni ikiwa imeota utando.

Mgonjwa alikuwa Mama Bertilla, mkulima wa mahindi na ulezi, aliyeletwa kutoka kijijini na binti yake Rosina, anayekaa Milanzi. Magoti yalikuwa yanamsumbua tangu mavuno, naye akawa anatafuna vidonge vya maumivu kama karanga, mpaka kidonda cha tumbo kikatoboka. Nilipofika nilimkuta kwenye kitanda kilichosukumwa ukutani, uso ameugeuzia ukuta, kitenge kimemfunika hadi kidevuni, anapumua haraka haraka. Mikono ilikuwa ya baridi na mishipa yake yote imenywea. Shingoni alikuwa na rovu kubwa, kama walivyo nalo wanawake wengi wa rika lake, waliokua kabla chumvi ya madini joto haijazoeleka vijijini.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia. Midomo ilicheza, sauti haikutoka.

Daktari wa zamu alikuwa Vitus. Kijana mzuri, mpole, mwenye mikono mizuri ya kazi. Alikuwa amesimama amempa mgonjwa mgongo, anamwambia Rosina, "Mwambie mama ajikaze, tunampeleka kwenye matibabu." Mama mwenyewe alikuwa amelala pale pale, anasikia kila neno. Rosina akainama, akayarudia maneno yale yale kwenye sikio la mama yake.

Asiyejua angedhani wamegombana. Hawakugombana. Vitus ni mume wa Rosina, kwa hiyo Mama Bertilla ni mama mkwe wake, na katika nyumba za kizamani za kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Hawali chungu kimoja, hawashikani mikono, na wakiwa na neno wanampitishia mtu wa tatu. Siku hizi vijana wa mjini wamelegeza, wakwe wanapigiana simu na kucheka. Mama Bertilla hakulegeza, na Vitus, aliyelelewa na bibi yake, hakulegeza pia. Niliwahi kumwona sokoni akipita nyuma ya magunia ya maharage ili tu asikutane naye uso kwa uso. Nilimcheka siku ile.

"Umejaribu mishipa wapi?" nikamuuliza.

"Nimepata mmoja mguuni, dada. Ni mwembamba. Hautatosha."

Nilimuuliza alikojaribu, akanijibu alikopata. Ningekuwa nimelala vizuri, ningeisikia hiyo tofauti. Nilichosikia ni kwamba kuna kazi nyingine inanisubiri, nikasukuma kitanda.

Mtu aliyetoboka tumbo, presha ikiwa chini vile, humlazi usingizi kwa kutegemea mshipa wa mguuni. Dawa za kupandisha presha ni kali, mshipa mdogo hauzivumilii. Lazima umtie mpira mwembamba mrefu kwenye mshipa mkubwa ulio karibu na moyo. Njia ya kawaida ni shingoni, lakini shingo ya Mama Bertilla ilikuwa imejaa rovu, kwa hiyo nikaamua kupitia chini ya mtulinga wa kulia, ule mfupa ulalao kati ya shingo na bega. Ni njia nzuri, ila haisamehe, kwa sababu pafu liko jirani na sindano ikipitiliza kidogo inalitoboa.

Nikamwambia Monika ashushe kitanda upande wa kichwa, ili damu ijae kwenye mshipa na hewa isije ikafyonzwa kuingia. Nikamfunua Mama Bertilla bega la kulia peke yake. Rosina alikuwa amenishika mkono mlangoni akaniomba, "Dada, mama yangu msimvue ovyo," na baridi yenyewe ilikuwa inaniomba vivyo hivyo. Nikamtia ganzi, nikachoma. Damu ikarudi nyeusi, ya utulivu, hairuki, ndipo unapojua umeingia mshipa unaorudisha damu moyoni na si ule unaoitoa. Nikapitisha waya, moyo ukarukaruka kidogo kwenye mashine, nikauvuta nyuma, ukatulia. Mpira ulipokaa nikauchomoa waya na kumwonyesha Monika, naye akauona, maana kuna watu duniani waliowahi kuusahau waya ndani ya binadamu. Nikashona.

Baada ya hapo inatakiwa picha ya eksirei. Eksirei iko jengo la pili, ng'ambo ya uwanja, na mama hakuwa na muda wa kuvuka uwanja. Nikamlaza usingizi, nikatia mpira wa pumzi kooni, nikapenyeza kipimo cha kusikilizia chini ya kitenge. Kulia kulipumua vizuri. Kushoto sauti ilikuwa ndogo. Nikasema moyoni ni tumbo lililojaa linasukuma kifua, nikamwambia Masanja aanze.

Daktari Masanja ni Msukuma, mkubwa wa mwili na sauti, na hulalamikia baridi yetu kuanzia Mei mpaka Agosti. "Nyie Wafipa," alisema akipasua, "Mungu aliwapa friji la bure, bado mnanunua mengine." Akakutana na usaha na mabaki ya chakula, utani ukakoma, akawa anasafisha.

Mashine inayosukuma hewa ndiyo iliyoanza kulalamika. Ililia kwa sauti ndogo, nikaizima kelele, ikalia tena. Nikaitoa kazini, nikashika mfuko wa hewa kwa mkono wangu. Ulikuwa mgumu. Kuubana ilikuwa kama kujaza mpira wa baiskeli uliokwisha kujaa. Oksijeni ikaanza kushuka, presha nayo ikaifuata, mapigo ya moyo yakakimbia.

Wa kwanza niliyemshtaki ni mkono wangu mwenyewe. Nilichoma kulia, basi nimetoboa pafu la kulia. Nikasikiliza kulia, pafu lilikuwa linapumua safi kabisa. Nikahamia kushoto. Kimya.

Hapo nikapumua kwa kudhani nimejua. Mpira wa pumzi ukizama sana hupenda kuingia pafu la kulia na kuliacha la kushoto bila hewa. Nikauvuta nje kidogo, nikabana mfuko, nikasikiliza. Kimya kile kile. Nikautazama ule mpira wa mshipa: nikavuta damu ikarudi, dripu inatembea, maungio yote yamekaza, hakuna mahali hewa ingeingilia. Pafu likibanwa na hewa, shingo ndiyo hukwambia, kwani koo husogea pembeni na mishipa huvimba. Lakini shingo yenyewe ilikuwa ni rovu tupu, hapakuwa na koo la kuliona wala mshipa wa kuusoma. Nikaongeza dawa ya presha. Presha ikaendelea kushuka.

Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba hofu yenyewe ilinijia polepole. Nakumbuka niliwaza, Bwana, si leo, leo sina nguvu za kumpoteza mtu.

"Coleta," Masanja akaita, na safari hii sauti yake ilikuwa ya chini. "Huku bandama inanijia mkononi. Kiwambo cha kifua, upande wa kushoto, kimebonyea kuja kwangu. Una nini huko juu?"

Nilikuwa na hewa. Ilikuwa imejaa kwenye kifua cha kushoto, nje ya pafu, na kila nilipobana mfuko nilikuwa naiongeza, na yenyewe inalikandamiza pafu na kuusukuma moyo. Kitu kimoja tu sikukielewa, imeingiaje upande ambao hakuna aliyeugusa.

Vitus alikuwa mlangoni. Alishindwa kukaa nje na Rosina, akashindwa na kuingia, basi alikuwa amesimama pale kizingitini akiwa na nguo za chumba cha upasuaji, ametupa mgongo.

"Vitus! Kushoto ulimgusa?"

Aliinamisha kichwa.

"Vitus, mama anakufa hapa. Kushoto ulimgusa?"

"Nilimchoma," akasema, bado ametazama ukumbini. "Chini ya mtulinga. Wewe ulikuwa na yule mjamzito, na mama alikuwa anakwisha. Sikupata damu. Nilipitisha mkono chini ya kitenge nikapapasa. Nilimchoma bila kumtazama, dada."

Nikakivuta kitenge. Chini ya mtulinga wa kushoto kulikuwa na kipande kidogo cha plasta, kimebandikwa kwa unadhifu kabisa. Nikashika kanula, sindano yenye mrija, kubwa kuliko zote nilizokuwa nazo, nikaizamisha hapo chini yake kidogo, juu ya ubavu. Hewa ikatoka ikipiga mluzi. Nafikiri hata Rosina aliisikia huko nje. Mfuko ukalainika mkononi mwangu, na presha, baada ya kunifikirisha, ikaanza kupanda.

Monika akasema, "Asante Yesu." Nikamwambia amshukuru baadaye, kazi bado. Kanula ile ilikuwa ya kuazima dakika tu. Nikiendelea kusukuma hewa, kifua kingejaa tena na kanula ingejikunja au kuziba. Alihitaji mpira mnene ubavuni, uliounganishwa na chupa ya maji sakafuni, wa kutoa hewa mpaka pafu lipone. Mimi mkono wangu ulikuwa kwenye mfuko. Masanja mikono yake ilikuwa tumboni, ameshikilia tundu alilokwisha kulishona nusu.

"Siwezi kutoka," akasema. "Nikiachia hapa, tunarudi mwanzo."

Tukamtazama Vitus mgongo.

"Hakuna mwingine?" akauliza.

"Mwingine ni Basil, na Basil yuko Mbeya anakula ndizi."

"Dada Coleta, yule ni mama mkwe wangu. Nikimvua kifua mbele ya watu, nitakaaje naye? Rosina nitamwambia nini?"

"Mficha uchi hazai, Daktari," Masanja akasema bila kuinua macho.

Mimi sikuwa na methali. Nilikuwa na hasira ya majuma mazima, nikaimwaga yote juu ya kijana wa watu. Maneno mengine yaliyotoka siyarudii, Monika mpaka leo ananitania nayo. Mwisho nikamwambia, "Umemuumiza kwa kutomtazama. Sasa ingia umponye, na safari hii umtazame. Kanawe mikono."

Akanawa. Aliporudi uso ulikuwa umelowa na sikujua ni maji au ni nini. Akasimama upande wa kushoto wa mama yake mkwe, akasema maneno machache ya Kifipa, ya kuomba radhi, ambayo mtu humwambia mzazi aliyemkosea. Alimwambia mtu aliyelala usingizi wa dawa, asiyesikia. Halafu akakikunja kitenge na kukitoa kifuani, akalisogeza titi la yule mama kwa kiganja, taratibu, akahesabu mbavu kwa macho na kwa kidole, akachana, akapanua, akaupitisha mpira. Hakukosea hata kidogo. Chupa sakafuni ikaanza kutoa mapovu.

Alipomaliza kushona akamfunika mpaka kidevuni, akakichomeka kitenge pembeni, hewa ya baridi isipite. Kisha akatoka. Masanja akamalizia tumbo, tukamwosha, tukamfunga. Mimi nikavuta stuli, nikakaa.

Jioni Vitus alinikuta na ile chai iliyoota utando.

"Usimwambie, dada. Tafadhali. Mwambie Masanja ndiye aliyeweka."

"Atauliza kwa nini ana mpira ubavuni wakati alikuja na tumbo."

"Basi mwambie wewe. Mwambie yote, la sindano na la kumvua. Mimi kinywa changu hakiruhusiwi."

Nilimtazama nikamwonea huruma, nikajionea na mimi. Watu wote wa hospitali ile walikuwa wananibebesha kitu, mmoja zamu yake, mwingine siri yake. "Vitus," nikamwambia, "nimebeba pumzi za mama mkwe wako siku nzima. Maneno yako utayabeba mwenyewe."

Hakuja wodini siku zile za kwanza. Aliuliza hali ya mgonjwa kwa simu, akamtuma Rosina na uji wa ulezi, akabadilishana zamu ili asipite upande ule. Rosina akaanza kunong'ona kwamba mumewe halali, na hamwambii kitu, na nyumbani ni kama kuna msiba. Mama Bertilla alikuwa anapata nafuu, mapovu kwenye chupa yamepungua, lakini alikuwa haongei. Kila nilipopita alikuwa amelala uso ukutani.

Siku tuliyopanga kumtoa ule mpira, Rosina alikuwa anamlisha uji, nami nilikuwa nasoma presha, Vitus akaja. Hakuingia. Alisimama kizingitini, akatupa mgongo kama kawaida yake, akakohoa ili ijulikane yupo. Akanisubiri mimi niseme. Nikaendelea na presha yangu. Mgonjwa wa kitanda cha jirani akaacha kutafuna.

"Mama," Vitus akasema.

Kijiko cha Rosina kikasimama hewani. Sidhani kama katika miaka yote ya ndoa yao aliwahi kusikia mumewe akimwita mama yake moja kwa moja.

"Mama, mimi ndiye niliyekutoboa pafu. Nilikuchoma bila kukutazama kwa sababu ya aibu, na nilipoulizwa sikusema, kwa sababu ya aibu. Ulikaribia kufa. Halafu nikakuvua mbele ya watu nikaweka huo mpira. Sikuwa na njia nyingine. Ukitaka nisikanyage tena kwako, sitakanyaga."

Rosina akaweka bakuli chini. Akamtazama mumewe, akanitazama mimi, na machoni mwake nikaona kwamba anaweza kupoteza mama au mume pale pale.

Mama Bertilla hakugeuka. Sauti yake, iliyokuwa ya mikwaruzo kwa sababu ya rovu na mpira wangu wa pumzi, ilitokea ukutani.

"Rosina, mwambie mumeo nilijua. Sindano ilipoingia nilisikia kitu kimechanika hapa, pumzi ikawa fupi. Nikanyamaza. Ningelia, ingekuwa ni kumlilia yeye."

Rosina akafungua kinywa ayapeleke maneno mlangoni, lakini hayakupita, alikuwa analia.

"Mwambie hakukosa mmoja, tulikosa wote wawili. Yeye alificha mkono, mimi nikaficha maumivu." Akavuta pumzi, akapumzika. "Mwambie ageuke. Ameniona nikiwa maiti. Basi na anione nikiwa mzima."

Rosina hakumwambia kitu. Hapakuwa na haja. Nilimwona Vitus mabega yakipanda na kushuka, mkono mmoja umeshika fremu ya mlango, na nilimhurumia kuliko nilivyowahi kumhurumia mgonjwa yeyote.

Akageuka. Akakuta mama naye ameshatoa uso ukutani, anamtazama.